Kuhamia Mfumo Mpya wa Kompyuta: Somo kwa Ofisi na Shule za Tarime na Serengeti



Mwezi huu twaleta somo juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, lakini sasa limeingia katika ofisi za sharika, katika shule, na katika nyumba za watu wengi, toka Sirari hata Mugumu. Ni habari ya kuacha mfumo endeshi mmoja wa kompyuta na kuhamia mwingine, hasa ile mifumo huria ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitwaa, kuitumia na kumpa mwenziwe. Kazi hii si ngumu kama wengi wanavyodhani, wala si nyepesi kama vijana wanavyosema. Basi yafaa tujifunze taratibu.

1. Kosa langu

Kwanza nitasimulia kosa langu mwenyewe, ili msomaji ajue ya kuwa somo hili halikutoka vitabuni tu.

Katika ofisi moja ya usharika upande wa Tarime tulikuwa na kompyuta ya mezani yenye Ubuntu ya zamani. Ilitutumikia vema: orodha za ubatizo na za kipaimara, hesabu za sadaka, barua za kwenda jimboni. Ikaja habari kwamba toleo lile halitatunzwa tena na wenye kulitengeneza. Kijana mmoja aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo akatuambia kwamba anao mfumo mwingine, mpya, mzuri wa kutazama, tena wa upesi. Nilikubali mchana uleule. Nikanakili folda yangu katika flashi, nikadhani nimemaliza. Jioni mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuingia, nasi tukafurahia rangi zake.

Kesho yake karani alipofika akaniuliza, “Mwalimu, orodha ya ubatizo iko wapi?” Nikamwonyesha folda. Akatafuta asiione. Kumbe yeye alikuwa akifungua kompyuta kwa jina lake, si kwa langu, na kazi yake yote ilikaa katika folda ya jina lake. Sikuinakili, kwa maana sikumwuliza. Kazi yake ya miaka minne ilikuwa imefutwa.

Vitabu vya karatasi vilikuwapo, lakini mitaa miwili ilikuwa imeacha kuviandika, kwa kuitegemea kompyuta. Baada ya majuma machache alikuja mama mmoja kuomba cheti cha ubatizo cha mwanawe. Alitaka kumwandikishia kijana cheti cha kuzaliwa, na cheti cha ubatizo ni mojawapo ya hati zinazosaidia katika kazi hiyo. Hatukuwa na la kumwonyesha. Ilitupasa kupita nyumba kwa nyumba, tukiuliza tarehe kwa wazazi na kwa wasimamizi, na watoto wengine hata leo tarehe zao hatukuzipata. Printa nayo ilikataa kuusikia mfumo mpya. Kijana alikwisha kurudi chuoni, wala hapakuwa na mtu mwingine karibu aliyeujua mfumo ule.

Katika mambo hayo nilijifunza neno moja, nalo ndilo shabaha ya somo hili lote: anayehama mfumo asiuchague kwa upya wake wala kwa uzuri wake, bali aangalie nani atautunza, yaani nani kule mbali atakayeendelea kuutengeneza, na nani hapa karibu atakayeitwa siku ya shida. Tena asiguse mashine kabla ya kuwauliza watu wote wanaoitumia.

2. Mfumo endeshi ni nini?

Mfumo endeshi ni zile programu za kwanza zinazoiamsha mashine na kuitawala. Ndio unaosoma diski, unaogawa nafasi ya kumbukumbu, unaopokea herufi za kibodi, na unaopeleka maandishi kwenye printa. Programu nyingine zote, za kuandikia barua au za kufanyia hesabu, husimama juu yake.

Watu wengi wajua Windows ya kampuni ya Microsoft. Huo ni mali ya kampuni. Msimbo wake, yaani maandishi ambayo waundaji waliuandikia, hauko wazi kwa watu wote, na atakaye kuutumia yampasa kuwa na kibali chao. Mifumo huria ina desturi nyingine. Mwaka 1983 Richard Stallman, mtu wa Marekani, alitangaza kazi iitwayo GNU, ili pawe na mfumo ambao kila mtu aweza kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1989 ikatolewa leseni yake, iitwayo GPL. Leseni hiyo yasema kwamba ukimpa mtu programu hiyo, hata kama umeibadili, yakupasa kumpa na uhuru uleule uliopewa wewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki katika nchi ya Ufini, akaandika kiini cha mfumo, nacho kikaitwa Linux.

Lakini kiini peke yake hakimfai mtu wa ofisini. Ndipo watu wakaanza kukikusanya pamoja na programu nyingine nyingi, wakavipanga, wakavijaribu, wakavitoa kama kitu kimoja. Mkusanyo kama huo wenye kompyuta huuita distro. Katika somo hili tutauita mkusanyo. Iko mikusanyo mingi sana. Hapa twataja mitatu tu, kwa sababu ni ya ukoo mmoja. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004, ikajengwa juu ya Debian, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini; jina hilo ni neno la lugha za kusini, na maana yake ni jamaa ya neno letu “utu”. Linux Mint ilianza mwaka 2006, ikajengwa juu ya Ubuntu. Basi hawa ni kama babu, baba na mwana. Aliyejifunza mmoja hapotei kabisa akiingia katika nyumba ya mwingine.

3. Sababu zinazotosha za kuhama

Yafaa kuzipima sababu, maana si kila sababu yatosha.

Sababu ya kwanza ni kwisha kwa muda wa matunzo. Kila mfumo una nyufa ambazo mwivi aweza kupenya, na watunzaji huziziba kila zinapoonekana. Ubuntu hutoa toleo la matunzo marefu kila miaka miwili, mwezi wa Aprili, na matunzo yake ya kawaida ni ya miaka mitano. Toleo la 2018 lilifika mwisho wa matunzo hayo mwaka 2023. La 2022 lafika mwaka 2027. La 2024 lafika mwaka 2029. Muda ukiisha, mashine haifi siku ile. Itawaka na kuandika kama jana. Lakini nyufa mpya hazizibwi tena, na mashine inayoingia intaneti hukaa katika hatari inayozidi mwezi kwa mwezi.

Watumiaji wa Windows 10 nao wameguswa. Matunzo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupewa nyongeza ya muda. Windows 11 yadai kompyuta iwe na sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kichakato kilichomo katika orodha ya Microsoft. Kompyuta nyingi za miaka iliyopita hazina hayo, na wenyewe huambiwa wanunue mpya. Kabla ya kununua, mtu wa namna hiyo na ajaribu mfumo huria, maana mashine yake huenda bado ina miaka ya kazi.

Sababu ya pili ni uzee wa mashine yenyewe. Kompyuta za kale ni za biti 32. Za baadaye ni za biti 64. Ubuntu iliacha kutoa mkusanyo wa kompyuta za mezani za biti 32 mwaka 2017. Debian iliendelea kuzihurumia kwa miaka mingi, lakini Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, haiwezi tena kuwekwa upya katika kompyuta hizo. Mwenye mashine ya biti 32 na ajue kwamba njia yake imekuwa nyembamba.

Sababu ya tatu ni watunzaji kuiacha kazi. Mfano mkubwa ni CentOS, mkusanyo uliotumiwa sana katika kompyuta za kuhudumia mitandao. Toleo lake la 8 lilitazamiwa kutunzwa hata mwaka 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba litakoma tarehe 31 Desemba 2021, na waliolitegemea wakajikuta hawana budi kuhama upesi. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, hata mkusanyo wenye sifa njema waweza kupoteza watunzaji wake. La pili, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watu wengine waliinuka na kuijenga nyumba ile tena. Mwaka 2021 zikatoka AlmaLinux na Rocky Linux. Kama msimbo ungalikuwa umefungwa, wasingaliweza kufanya hivyo.

Zaidi ya hizi tatu, yaani matunzo kwisha, mashine kuzeeka, na watunzaji kuondoka, fikiri sana kabla ya kuhama. Kama mfumo wako watunzwa, kazi yako yaendelea, na watu wako wameuzoea, si lazima uhame kwa kuwa jirani amehama.

4. Yaliyotendeka katika wilaya ya Serengeti

Labda msomaji atasema: “Mambo hayo ni ya Ulaya. Sisi yatuhusu nini?” Yatuhusu, na katika mkoa wetu wa Mara kazi ya namna hii ilijaribiwa zamani kidogo.

Katika miaka ya 2000 ulianzishwa mradi wa kuleta intaneti ya kasi katika wilaya za Serengeti na Bunda. Walioshirikiana ni pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, shirika la umeme TANESCO, na chuo kikuu cha ufundi cha KTH huko Stockholm, kwa msaada wa serikali ya Uswidi. TANESCO ilikuwa na nyaya za kioo zilizofungwa pamoja na njia zake za umeme, na mradi ukatumia nyaya hizo kuwaunganisha watu wa vijijini. Amos Nungu, mwalimu wa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, alizifanya habari za kazi hiyo kuwa somo la udaktari wake huko Stockholm. Jambo alilolichungua si namna ya kuvuta waya tu. Alichungua namna ya kupata umeme wa kutegemewa kwa mitambo, na namna mtandao utakavyojitegemea wakati msaada utakapokwisha.

Neno hilo la kujitegemea ndilo latuhusu. Kitu kipya kikiletwa, siku ya kwanza kila mtu hufurahi. Swali ni siku ya elfu: umeme ukikatika, kifaa kikiharibika, mwenye ujuzi akihamishwa kazi, ni nani atakayekishughulikia? Basi na sisi wa kompyuta moja ofisini tuna swali lilelile, kwa kipimo kidogo.

Lugha nayo imefanyiwa kazi. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, walifanya mradi ulioitwa Kilinux, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na za hesabu zenye maneno ya Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya kampuni, kwa kuwa programu ilikuwa huria. Kila atakaye kuona faida ya msimbo ulio wazi, na autazame mfano huo.

5. Maswali matano kabla ya kuchagua

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kuchagua mkusanyo, jibu maswali haya kwa kalamu na karatasi.

Swali la kwanza: Mashine yangu yaweza kubeba nini? Tazama kama ni ya biti 64, kumbukumbu yake ni gigabaiti ngapi, na diski ina nafasi gani. Ubuntu ya 2024 yataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 25 katika diski. Linux Mint husema gigabaiti 2 ndicho kipimo cha chini, na 4 ndizo za kufanya kazi kwa raha. Iko mikusanyo iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya mashine dhaifu, kama Xubuntu, Lubuntu, na Mint yenye sura ya Xfce. Mashine ndogo ikibebeshwa mfumo mzito itatambaa, na watu wataichukia.

Swali la pili: Mkusanyo huu utatunzwa hata mwaka gani? Chagua toleo la matunzo marefu. Ofisi ya kijijini haifai kuhama kila miezi sita.

Swali la tatu: Ni nani karibu nami anayeujua? Hapa wengi hukosea. Wasoma sifa za mfumo, wala hawaulizi kama mwalimu wa sekondari iliyo jirani, au fundi wa mjini, amewahi kuutumia. Mfumo wa kawaida ambao watu watatu wa karibu waujua wafaa kuliko mfumo bora ambao hakuna aujuaye.

Swali la nne: Vifaa na programu zangu zitakubali? Andika jina la printa yako, la modemu yako, na la kila programu ambayo huwezi kuiacha. Kama mtunza hazina atumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, usimnyang'anye kabla ya kumpa nyingine iliyojaribiwa.

Swali la tano: Bando na umeme vitatosha? Faili la Linux Mint lakaribia gigabaiti 3, na la Ubuntu ya 2024 lakaribia gigabaiti 6. Ni bando kubwa kwa mtu wa kijijini. Zamani Ubuntu walikuwa wakipeleka diski kwa posta bila malipo duniani kote, lakini desturi hiyo ilikoma mwaka 2011. Basi afadhali mtu mmoja alichukue faili mara moja mahali penye mtandao mzuri, kama Tarime mjini au Mugumu, kisha liende kwa wengine kwa flashi. Jambo hilo si wizi. Leseni yenyewe yaruhusu.

6. Kazi ya kuhama, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza. Waite wote wanaotumia mashine: karani, mtunza hazina, mwinjilisti, hata mwalimu wa kwaya. Mwulize kila mmoja mbele ya mashine: “Wewe huweka kazi zako wapi? Waingia kwa jina gani?” Andika majibu. Kama mimi ningalifanya hatua hii moja, orodha ya ubatizo isingalipotea.

Hatua ya pili. Fanya nakala mbili za kazi zote, katika vitu viwili mbalimbali, na kimoja kiwekwe katika nyumba nyingine. Kisha peleka nakala hizo kwenye kompyuta nyingine na uzifungue. Usitosheke kuona majina ya faili. Fungua, soma, tazama kama maandishi ni mazima. Orodha kuu, kama zile za ubatizo, chapa na kwa karatasi.

Hatua ya tatu. Andika maneno ya siri, jina la mtandao, na mipango ya printa katika daftari.

Hatua ya nne. Ukishalipata faili la mkusanyo, lihakikishe. Watengenezaji huchapisha katika ukurasa wao namba ndefu ya herufi na tarakimu 64, iitwayo SHA256. Iko programu ya kupima faili lako na kukutolea namba yake. Namba zikilingana, faili ni zima. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili liliharibika njiani au limechezewa, usilitumie.

Hatua ya tano. Liandike faili katika flashi kwa programu ya kazi hiyo, kama Rufus au balenaEtcher. Angalia sana: kazi hii hufuta yote yaliyomo katika flashi. Basi isiwe ile flashi uliyowekea nakala zako.

Hatua ya sita. Washa mashine kwa flashi, uujaribu mfumo bila kuuweka. Mikusanyo tuliyoitaja yaruhusu jambo hili, wala diski yako haiguswi. Jaribu kibodi, sauti, mtandao wa waya na usio wa waya, na hasa printa. Chapa ukurasa mmoja. Kama printa yakataa, ni heri ujue leo kuliko kesho.

Hatua ya saba. Ndipo uweke mfumo. Chagua siku ambayo umeme umetulia, wala si wakati wa mvua na radi. Kompyuta ya mezani na iwe na betri ya akiba. Ya mapajani, betri ijae kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski yaweza kubaki nusu huku nusu kule. Tena, kama fedha zapatikana, nunua diski nyingine, uweke mfumo mpya humo, na ile ya zamani uifunge kabatini kwa miezi miwili. Kama kitu kimesahauliwa, kitakuwa bado kipo.

Hatua ya nane. Mfumo ukishaingia, mpe kila mtu jina lake la kuingilia, rudisha kazi zake, uzipange katika folda zenye majina aliyoyazoea. Kisha uchukue masasisho ya kwanza, hata kama yatakula bando.

7. Mwezi wa kwanza

Kuhama hakukwishi siku ile. Karani aliyezoea kitufe upande huu atakikuta upande ule, naye atachelewa, na labda atakasirika. Msimcheke. Keti naye siku ya kwanza, kisha mara moja kila juma kwa mwezi mmoja. Aandike maswali yake katika daftari, na majibu yaandikwe hapohapo, ili ajaye baada yake asome.

Mikusanyo mingi huja na LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010. Hufungua barua zilizoandikwa kwa Microsoft Word, lakini mara nyingine mistari na majedwali husogea. Kwa hiyo barua ya kupelekwa dayosisi au halmashauri, kama haihitaji kuandikwa tena, ipelekwe katika umbo la PDF, ambalo halisogei. Kiswahili kimo katika LibreOffice, lakini msishangae mkikuta neno la Kiingereza mahali ambapo tafsiri haijafika.

Mtu ataniuliza: “Je, mfumo huu ni bure kweli?” Jibu: leseni haina malipo, lakini bando, flashi, diski na siku za kujifunza zina gharama yake. Wazee wa kanisa waambiwe gharama hizo mapema. Mwingine atauliza: “Je, virusi haviingii?” Jibu: virusi vingi vilivyoenea kwa flashi viliundwa kwa Windows, wala havipati nguvu katika Linux. Lakini mlango haukufungwa kabisa. Neno la siri jepesi, na masasisho yasiyochukuliwa, huufungua mfumo wowote.

8. Mwisho wa habari yetu

Katika ofisi ile tulihama mara ya pili, kwa sababu mfumo wa yule kijana ulitushinda. Safari hii tuliwauliza walimu wa sekondari iliyo karibu nasi. Wawili kati yao walitumia Linux Mint, nasi tukachagua hiyo yenye sura ya Xfce, kwa kuwa mashine yetu ni dhaifu. Si nzuri kuliko nyingine zote. Ila ikikwama, karani aweza kwenda kwa miguu hata kwa mwalimu na kurudi kabla ya saa sita. Na kila miezi mitatu orodha ya ubatizo huchapwa kwa karatasi, ikatiwa sahihi na mchungaji, ikawekwa katika sanduku.

Yule mama alipata cheti chake baada ya wasimamizi wawili kutoa ushuhuda wa tarehe. Alitembea mara tatu kuja ofisini kwa ajili ya kosa la mchana mmoja.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kompyuta ya ofisi au shule yenu yatumia mfumo gani, nao utatunzwa hata mwaka gani?
2. Ni watu wangapi wanaoitumia, na kila mmoja huweka kazi zake wapi?
3. Nakala za kazi zenu ziko wapi? Ni lini mara ya mwisho mtu alipozifungua na kuzisoma?
4. Mfumo ukiharibika kesho, mtamwita nani? Yuko mbali kiasi gani?
5. Katika sababu tatu za kuhama tulizozitaja, ni ipi iliyowafikia ninyi? Kama hakuna hata moja, mnahama kwa nini?